Hip hop ilivyoteka chati: tunayoyaamini na yaliyotokea

Kila ubishi wa muziki una mtu wake wa namba. Ukimwambia rock bado ina wenyewe, anakufungulia chati za Billboard, jarida la muziki la Marekani: haya, tazama kumi bora, rap tupu, umebaki na nini? Nimewahi kuwa mtu huyo. Namba zilikuwa sahihi. Nilichokosa ni kujua zinapatikanaje.

"Chati inaonyesha watu wanapenda nini"

Mpaka mwanzoni mwa 1991, orodha ya albamu ya Billboard ilitegemea simu. Duka la santuri linapigiwa, karani anaulizwa ni zipi zimetoka sana wiki hii, naye anazipanga: ya kwanza hii, ya pili ile. Zimeuzwa nakala ngapi? Hilo halikuulizwa. Karani mpenda rock aliikumbuka rock. Albamu ya rap iliyokwisha rafuni tangu Jumanne ingeweza kumtoka kichwani kabisa. Nazo kampuni za rekodi, zikijua ni maduka gani yanayopigiwa, zilijua pia namna ya kumfurahisha karani.

Chati ya tarehe 25 Mei 1991 ndiyo ya kwanza kutumia SoundScan, mfumo uliohesabu mauzo kwa kusoma ile mistari myeusi ya kwenye kasha pale kaunta. Mwezi uliofuata N.W.A, kundi la rap ambalo redio nyingi zilikuwa zikilikwepa, likawa namba moja. Septemba Garth Brooks akaingia moja kwa moja kileleni, mara ya kwanza kwa albamu ya kantri. Rap na kantri! Ni vigumu kupata wanunuzi wasiofanana kama hao, lakini wote wawili walikuwa wamefichwa na simu ileile. Mashabiki wa N.W.A hawakuzaliwa Mei hiyo. Walikuwepo siku zote na fedha zao mkononi, ila hesabu haikuwafikia.

Ndiyo maana huwa sikubali moja kwa moja nikiambiwa hip hop "ilipanda" miaka ya tisini. Ilipanda, ndiyo, lakini sehemu ya kupanda huko ni kuonekana tu.

"Hip hop ndiyo soko lote"

Mwaka 2017 Nielsen, kampuni ya kupima soko, ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza nchini Marekani hip hop na R&B zimeipita rock kwa kusikilizwa na kununuliwa. Habari ikasambaa kama vile rock imezikwa. Hesabu yenyewe, mwaka huo ulipokwisha: asilimia 24.5 dhidi ya 20.8. Mshindi ana robo ya soko, na robo hiyo imejumlisha aina mbili zilizowekwa kapu moja. Kwa mauzo ya albamu pekee, rock ilikuwa bado inaongoza.

"Nyimbo saba kati ya kumi ni rap, kwa hiyo rap imeshinda"

Hapa tuiangalie wiki moja. Chati ya Hot 100, orodha ya Billboard ya nyimbo mia, ya tarehe 14 Julai 2018: rapa Drake ana nyimbo saba ndani ya kumi bora, na nyimbo zote 25 za albamu yake mpya zimo kwenye orodha. Zamani hilo lisingewezekana, kwa kuwa wimbo ulihitaji kutolewa kama singo, upewe redio, usukumwe. Siku hizi shabiki akibonyeza albamu na kuiacha icheze akiwa anafua nguo, kila wimbo unajiandikia kura yake. Albamu ndefu ina kura nyingi. Kwa hiyo ukihesabu aina ya muziki kwenye wiki kama hiyo, unachohesabu ni ukubwa wa jeshi la mashabiki wa msanii mmoja.

Nayo si siri ya rap. Machi 2017 Ed Sheeran, mtu na gita lake, alijaza nafasi 16 za ishirini bora ya Uingereza. Wasimamizi wa chati hiyo hawakungoja mjadala: kufikia Julai walikuwa wameweka kikomo cha nyimbo tatu kwa msanii. "Utawala" wa Sheeran ulifutika kwa kanuni, bila msikilizaji hata mmoja kubadili mawazo.

"Aina ya muziki inajulikana, haina ubishi"

Waulize wa "Old Town Road" ya Lil Nas X, wimbo uliochanganya rap na kantri. Mwaka 2019 Billboard iliutoa wimbo huo kwenye chati ya kantri, kisha ukakaa wiki 19 namba moja kwenye Hot 100. Ukiuhesabu kama rap, rap imetawala. Ukiuhesabu kama kantri, je?

"Ikitoka kwenye chati, imekufa"

Oktoba 2025 vichwa vya habari vililia: hakuna rap kwenye arobaini bora ya Hot 100, mara ya kwanza tangu 1990. Kweli. Lakini wiki hiyohiyo kanuni mpya ilianza kuziondoa mapema nyimbo zilizokaa muda mrefu, na "Luther" ya Kendrick Lamar na SZA ikaenda na maji. Wiki moja nyuma, Taylor Swift peke yake alikuwa amekalia nafasi zote 12 za juu. Siwezi kusema rap haijapungua nguvu, maana hata mimi naona imepungua. Ila kupungua si mazishi.

Disko ilishapitishwa njia hiyo. Julai 1979 rekodi zake zililipuliwa uwanjani Chicago mbele ya umati, na kufikia mwishoni mwa Septemba ilikuwa karibu imetoweka kwenye kumi bora. Agosti hiyo, katikati ya kelele zote, "Good Times", wimbo wa disko wa kundi la Chic, ulikuwa umefika namba moja. Mwaka huohuo vijana watatu wa Sugarhill Gang wakaghani juu ya besi ya wimbo huo, na Januari 1980 "Rapper's Delight" ikafika namba 36, rap ya kwanza kuingia arobaini bora.