Mkenya Akisafiri Nchini Mwake Hulala Wapi? Dhana Potofu na Ukweli

Ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi hujaa masanduku, magunia na watoto waliovalishwa nguo mpya, na nauli ya kwenda Kisumu, Kakamega au Kisii hupanda karibu kila siku. Ukimwuliza abiria yeyote hapo kama yeye ni mtalii, atakataa kwa haraka, kwa kuwa mtalii anayemjua ni mgeni kutoka ng'ambo aliyesimama ndani ya gari lenye paa lililofunguliwa. Dhana nyingi kuhusu utalii wa ndani zimetokana na jibu hilo, na nyingi huondoka mtu akijiuliza jambo moja tu: msafiri huyu atalala wapi usiku wa leo?

Dhana: Hoteli za Kenya huishi kwa wageni wa kutoka nje, na Mkenya huja kujaza nafasi zilizobaki.

Ukweli: Shirika la Kitaifa la Takwimu huhesabu vitanda vinavyolaliwa hotelini, ambapo mtu mmoja akilala usiku mmoja huhesabiwa mara moja. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2019, kabla ya janga la korona, zaidi ya nusu ya vitanda vilivyolaliwa nchini vilichukuliwa na Wakenya. Mwaka uliofuata ulilidhihirisha jambo hili kwa uchungu. Safari za kimataifa za ndege za abiria zilisimamishwa mwishoni mwa Machi 2020 hadi tarehe 1 Agosti, na Nairobi yenyewe ilifungwa kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 7 Julai, watu wasiweze kuingia wala kutoka. Jiji lilipofunguliwa, magari ya kwanza kuegeshwa tena mbele ya hoteli za Naivasha, Nanyuki na Diani yalikuwa ya familia za hapa nchini. Ni kweli kwamba mgeni wa nje hutumia fedha nyingi zaidi kwa safari moja na huleta fedha za kigeni, lakini hilo halimfanyi mwenyeji kuwa wa ziada.

Dhana: Kwenda nyumbani mashambani si utalii.

Ukweli: Kwa ufafanuzi unaotumiwa na Umoja wa Mataifa, mgeni ni mtu anayetoka nje ya mazingira yake ya kila siku, kwa muda usiofika mwaka mmoja, kwa sababu yoyote isipokuwa kuajiriwa huko aendako. Akilala angalau usiku mmoja huitwa mtalii. Akirudi siku hiyo hiyo huhesabiwa kuwa mtembezi wa siku moja. Kuwatembelea jamaa na marafiki kumetajwa waziwazi miongoni mwa sababu hizo. Mipaka ipo: anayekwenda Kiambu au Machakos kila Jumamosi kuangalia shamba lake hahesabiwi, kwa kuwa kule nako ni sehemu ya mazingira yake ya kawaida. Lakini familia ya watu sita inayotoka mtaa wa Umoja jijini Nairobi kwenda Vihiga, magharibi mwa Kenya, mara moja kwa mwaka na kukaa huko siku kumi ni familia ya watalii kwa kila kipimo.

Hapa ndipo hesabu inapotupotosha, na kwa maoni yangu ndilo kosa kubwa kuliko mengine yote. Watu hao sita hawatalala hotelini. Watalala kwa babu na nyanya, shangazi atatoa chumba chake, na watoto watatandikiwa mkeka sebuleni pamoja na binamu zao. Hakuna daftari la mapokezi litakaloandika majina yao, kwa hiyo siku zao kumi hazitaonekana katika takwimu za vitanda. Hata hivyo wamelipa nauli, wamenunua sukari, unga na mafuta katika maduka ya sokoni, wamechangia mbuzi wa Krismasi, na pengine siku moja wamekodi gari kwenda kuuona Msitu wa Kakamega au jiwe la Kit Mikayi karibu na Kisumu. Fedha ambazo hazikulipia chumba ndizo zilizofanya mambo hayo yawezekane. Serikali ya kaunti inayopanga barabara, maji na usafi kwa kutazama vitabu vya hoteli peke yake itaamini kwamba haina wageni, katika wiki ileile ambayo idadi ya watu katika vijiji vyake imeongezeka kwa kiasi ambacho kila mwenye duka anakiona.

Dhana: Anayekwenda semina yuko kazini tu, hahusiani na utalii.

Ukweli: Ufafanuzi ule ule unamhusu, maadamu mwajiri wake hayuko huko aendako. Hoteli za Naivasha, Machakos na Mombasa hupokea makundi ya warsha na mikutano siku za kazi, kisha familia mwishoni mwa wiki, na ugatuzi ulioanza mwaka 2013 pamoja na serikali zake 47 za kaunti umeongeza safari za aina hii. Ndiyo maana chumba kinaweza kukosekana Jumatano ambayo si sikukuu wala likizo ya shule.

Dhana: Nyumba za Airbnb ni za wageni wa nje, na mwenye nyumba hahitaji ruhusa ya yeyote.

Ukweli: Jina hilo la mtandao wa kukodisha nyumba sasa hutumiwa Nairobi kwa nyumba yoyote yenye samani inayokodishwa kwa siku chache, iwe Kilimani au Roysambu, hata kama imepatikana kwa kumpigia simu mlinzi wa lango. Wakenya wenyewe huzikodi sana, hasa nje ya jiji, kwa kuwa watu wanane wakigawana nyumba ya vyumba vinne na kujipikia, gharama ya kila mmoja hushuka mno. Kuhusu ruhusa, malazi ya aina hii yanasimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na Januari 2024, baada ya mauaji yaliyotokea katika nyumba kama hizo, wamiliki waliagizwa kujisajili. Msafiri ana haki ya kuuliza kama nyumba imesajiliwa kabla ya kutuma pesa.

Dhana: Mbuga za wanyama ni za matajiri.

Ukweli: Watu huchanganya kiingilio na malazi. Katika hifadhi zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, raia hulipa kwa shilingi kiasi kilicho chini sana ya kile anachotozwa mgeni kwa dola. Kinachokausha mfuko ni hoteli ya kifahari na gari la kukodi, na vyote viwili vinaweza kuepukwa. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye kilomita za mraba 117, iko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, hivyo mtu hurudi kulala kwake. Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, huruhusu baiskeli. Shirika hilo pia lina nyumba za kujipikia, kama Naishi katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru na banda za Sirimon katika Mlima Kenya, ambako kundi hubeba chakula chake. Maasai Mara ni tofauti: iko chini ya Kaunti ya Narok, yenye viwango vyake, na malazi yake huwa ghali zaidi kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara. Popote uendako, beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu bila uthibitisho wa uraia mhudumu wa langoni hana namna ya kukutoza kama raia.