Sime ya Old Moshi: nilianzia mpinini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Old Moshi aliniletea sime iliyofungwa kwenye khanga. "Shikamoo mzee. Hii ni ya babu wa babu yangu, ilikuwa upande wa Mangi Meli." Alitaka nimwandikie karatasi ya kuthibitisha umri wake. Sasa, Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, kwa hiyo chuma kinachodai kumfahamu lazima kiwe na zaidi ya miaka 120.

Wateja hukimbilia kunionyesha kutu. Mimi siianzi huko, maana kutu ya miaka mia hupikwa kwa wiki moja: chumvi, maji ya betri, shimo la samadi. Hiyo huwa ya rangi ya chungwa, imeenea sawasawa, na ukipitisha kidole unabaki na unga. Kutu ya uzee ni nyeusi au kahawia iliyokolea, imeng'ang'ania chuma, na chini yake kuna vishimo.

Naanzia mpinini. Sime haina kikinga mkono. Mkia mwembamba wa bapa hushindiliwa ndani ya mti, mti ukavikwa ngozi. Ngozi ya hii ilikuwa imelegea yenyewe, nikachungulia bila kuharibu kitu. Mkia mweusi kama chungu. Vizuri.

Kisha bapa. Lililokatwa kwenye springi ya gari mara nyingi lina mikwaruzo ya grenda iliyolala upande mmoja. La mhunzi wa zamani, aliyefua chuma kilichoyeyushwa Upare, ukilipapasa kwa vidole viwili huku umefumba macho unasikia unene unapanda na kushuka, nyundo kwa nyundo. La kijana halikuwa na grenda wala nyundo, lilinyooka mno. Nikalipaka mafuta ya cherehani, nikaliinamisha dirishani. Karibu na mpini zikajitokeza herufi: MINGHAM.

"Kumbe feki!"

Hapana, mwanangu. Viwanda vya Birmingham, kikiwemo cha Martindale chenye nembo ya mamba, vilifua mabapa ya sime kwa ajili ya soko la huku. Morani alinunua bapa, fundi akalivalisha mpini na ala. Ikishabebwa machungani miaka hamsini, hiyo ni sime halisi kabisa. (Ingekuwa singe ya Kijerumani, yaani kisu cha kuchomeka kwenye bunduki, iliyogeuzwa kuwa sime, ningetafuta mgongoni, karibu na mpini, taji, herufi W na tarakimu mbili: 88 ni 1888.)

Ala ilikuwa ya juzi, plastiki nyekundu. Hiyo siihesabu, ala huoza, hubadilishwa.

Karatasi nikaandika: sime, bapa la Uingereza, yaelekea ni ya baada ya Waingereza kuingia Moshi mwaka 1916. Mangi Meli sikumtaja. Kijana akaisoma mara mbili, akauliza kama mzungu wa hotelini bado atainunua. Nikamwambia atangulie kuulizia kibali, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haichezewi, na huko njiani asije akaisugua kwa msasa ili ing'ae.