Kaboni Ndiyo Iliyo Chini

Juzi hapa Moshi mwalimu mwenzangu wa kemia alinichorea ubaoni molekuli ya kaboni monoksidi juu ya nikeli: oksijeni chini imeshika metali, kaboni juu. "Si metali hupenda oksijeni? Angalia mabati ya Machame yanavyoliwa na kutu." Nimeusikia mchoro huu ukitetewa mara nyingi mno.

Mwalimu, kutu ni habari nyingine. Ndani ya molekuli hii, elektroni zilizo tayari kugawiwa metali zimeelekea upande wa kaboni, kwa hiyo kaboni ndiyo hushika. Ndivyo inavyoua pia: mtu akijifungia na jiko la mkaa kwenye baridi ya Julai, kaboni ya gesi hiyo hukamata chuma cha hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni.

"Nani kaona?" akaniuliza. Elektroni ndizo zilizosema. Weka nikeli safi kwenye ombwe kali, imulike kwa eksrei za alumini, zenye nishati ya elektroni-volti 1486.6 (kipimo cha nishati ya chembe ndogo). Elektroni ya ganda la ndani la kaboni imefungwa kwa takriban 285, hivyo hutoka na kama 1200. Kwa nguvu hiyo, atomu iliyo njiani mwake haiitawanyi ovyo. Huikusanya mbele, kama lenzi ikusanyavyo mwanga. Sasa inamisha sampuli kidogo kidogo na uhesabu. Elektroni za kaboni hupanda kilele pale pale kwenye mstari wima. Za oksijeni hazina kilele hicho. Maana yake juu ya kaboni kuna atomu, na juu ya oksijeni hakuna kitu. Ukigeuza molekuli kama ile ya ubaoni, kilele kinahamia kwa oksijeni. Vipimo hivi vilichapishwa tangu 1979!

Ninalobishana nalo mwenyewe ni neno "wima". Vitabu huliandika na kupita. Kilele kina upana, na molekuli hazitulii, hata kwenye baridi kali. Kwenye uso wa nikeli uitwao 110 (namba hutaja fuwele ilikatwa upande gani), gesi ikijaa, molekuli husongamana na kuinama kweli, karibu digrii 20, moja huku nyingine kule, na kilele hugawanyika viwili. Hapo sina shaka. Kisipogawanyika, naandika "wima, ndani ya digrii chache", wala sithubutu zaidi, maana molekuli inayoyumba na iliyoinama kidogo kila moja upande wake huacha alama ile ile.