Mbegu za kiume: kipimo cha leo kinasoma mambo ya miezi mitatu iliyopita

Mbegu hutengenezwa wapi hasa?

Kwenye korodani. Si kiunoni wala kwenye uti wa mgongo, hata kama vijiweni husemwa hivyo. Kila korodani imejaa mirija myembamba iliyojikunja. Ukiinyoosha yote utapata mamia ya mita. Kwenye kuta zake kuna seli mama zinazogawanyika tangu balehe hadi uzeeni. Seli yenye kromosomu (vibeba urithi) 46 hugawanyika mara mbili na kuzaa seli nne, kila moja ikiwa na 23, kwa sababu nusu nyingine itatoka kwenye yai la mwanamke.

Seli hizo nne mwanzoni ni za mviringo na haziwezi kuogelea. Taratibu hupunguza mwili, huota mkia, na kichwani hupata kofia yenye vimeng'enya vya kupenyea ganda la yai. Kati ya kichwa na mkia kuna sehemu inayotoa nishati. Kazi yote huendeshwa na homoni za tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo.

Inachukua muda gani?

Siku 74 hivi ndani ya mirija, kisha wiki moja hadi mbili kwenye epididimisi, mrija uliolala nyuma ya korodani, ambako mbegu hukomaa na kupata uwezo wa kuogelea. Jumla ni kama miezi mitatu.

Hapa ndipo wengi hupotea. Homa kali hupunguza mbegu, na Tabora malaria si mgeni. Mtu aliyeugua Machi akipima Mei anaweza kukuta mbegu chache, na akirudia Agosti akakuta zimerudi. Kama katikati alinunua mizizi sokoni, sifa zote atapewa muuza mizizi, ilhali mwili ulishajirekebisha wenyewe.

Shahawa nyingi na nzito maana yake mbegu nyingi?

Hapana. Sehemu kubwa ya majimaji hutoka kwenye vifuko vya shahawa, na karibu robo kwenye tezi dume. Mbegu zenyewe hazifiki hata asilimia 5. Ndiyo maana aliyefunga uzazi bado hutoa shahawa kama kawaida. (Huyo atumie kondomu kwa miezi mitatu, mpaka kipimo kionyeshe mbegu zimekwisha.) Shahawa kuganda na kuyeyuka baada ya nusu saa hivi si ugonjwa.

Kazi ya bani la tumbaku, yaani banda la kuikaushia kwa moto, ina madhara?

Korodani zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, ndiyo maana zikaning'inia nje. Anayechochea moto wa bani kwa saa nyingi, au dereva anayekalia injini ya moto kutwa, avae nguo zisizobana na atoke kupoa mara kwa mara. Mtoto wa kiume ambaye korodani hazijashuka akifika miezi 6 apelekwe hospitali. Zikibaki juu, joto la tumbo huziharibu.

Nikienda kupima nifanyeje?

Nenda, maana karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto zina tatizo upande wa mwanaume, ila anayezungushwa kwa waganga ni mke peke yake. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Tumia kopo safi la maabara, si kondomu, na usipake sabuni, mafuta wala mate. Matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi, yakimwagika, sema. Sampuli ifike ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili, kwa hiyo usiibebe kutoka Urambo hadi Tabora mjini. Itolee hapo hapo maabara.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka viwango vya chini: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinacheza. Ukiwa chini kidogo, bado unaweza kuzalisha. Rudia kipimo kabla ya kukata tamaa.

Nini huharibu uzalishaji?

Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, mara nyingi ya kushoto, nayo hutibika kwa upasuaji. Matubwitubwi yakimpata mtu baada ya balehe. Kisonono na klamidia visivyotibiwa, kwa kuziba njia. Sigara. Na sindano za testosteroni za kujenga misuli: ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu huacha kuagiza, korodani zikasinyaa na mbegu zikakoma. Anayetafuta mtoto asizichome kabisa.

Korodani ikiuma ghafla usiku?

Huenda imejinyonga, yaani imejisokota na kukatiwa damu, hasa kwa kijana, ikiwa imevimba au imepanda juu na anatapika. Baada ya saa 6 uwezekano wa kuiokoa hupungua haraka. Usimeze dawa ya maumivu ukasubiri kuche, nenda hospitali usiku huo huo. Ukiwa Sikonge au Kaliua, muda wa barabarani nao umo ndani ya hizo saa 6.