Hemani 7.4, maabara 6.6: nani kakosea?

Kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, mahema ya kupima bure hujaa viwanjani na sokoni. Wiki inayofuata malalamiko ni yaleyale: hemani niliambiwa nina sukari, hospitali wakasema sina kisukari.

Hakuna aliyedanganya. Mashine ya kidole inaruhusiwa kupishana na maabara hadi asilimia 15, hivyo sukari ya milimoli 7.4 kwa lita ya damu hemani inaweza kuwa 6.6 maabara na mashine isiwe mbovu. Halafu kuna vidole vyenyewe. Aliyetoka kumenya embe ana utamu uliokaukia kwenye ngozi, nao huingia kwenye tone la damu na kupandisha namba. Kitakasa mikono hakiaminiki kwa hilo. Nawa kwa maji na sabuni, kisha ukauke kabisa, kwani majimaji huzimua damu. Sindano ichome ubavuni mwa ncha ya kidole, na kidole kisikamuliwe kama chungwa. Kichupa cha vipande vya kupimia kifungwe kila mara. Unyevu huviharibu kabla ya tarehe yake.

Anayepewa rufaa ni aliyefunga saa 8 au zaidi na kufikia milimoli 7.0 kwa lita, au aliyekula na kufikia 11.1. Asiye na dalili za kiu, kukojoa sana au kukonda haitwi mgonjwa kwa kipimo kimoja. Hurudiwa siku nyingine. Kufunga ni kufunga. Maji ruksa. Chai ya rangi "yenye sukari kidogo tu" ni kula, na tusibishane hilo dirishani saa 1 asubuhi. Mwenye 6.6 naye asishangilie: 6.1 hadi 6.9 kwa aliyefunga ni hatua ya kuelekea kisukari, apimwe tena kila mwaka.

Maabara, damu ya mshipa huwekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha kijivu chenye floraidi, kemikali inayozuia seli za damu kula sukari. Kwenye kichupa cha kawaida seli huendelea kula sukari, ikapungua asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sampuli ya saa 2 iliyosubiri pikipiki hadi saa 6 inaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani akiitwa mzima. Kosa hilo ni letu watoa huduma, si la mwananchi. Zahanati isiyo na vichupa hivyo itume mtu, isitume damu.

Kipimo cha HbA1c, yaani cha sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, hakihitaji kufunga, na kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo soda uliyoacha Jumatatu haikisaidii. Mwenye selimundu, upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni aseme mapema, maana majibu yake hupotosha.

Njoo na karatasi ya hemani, saa uliyokula mara ya mwisho na dawa zote unazotumia. Prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe na pumu, hupandisha sukari. Mizizi na majani pia yataje, hakuna atakayekugombeza.