Acheni Kumwaga Chumvi Kwenye Nyasi

Nimetumiwa tena ule mchanganyiko. Siki, chumvi kikombe kimoja au viwili, sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, koroga, mwagia magugu jua likiwa kali. "Asilia kabisa, haina kemikali." Aliyenitumia ana nia njema, kama walivyokuwa na nia njema wote waliomtangulia. Safari hii, hata hivyo, aliongeza kwamba udongo wake ni mfinyanzi mzito, ule unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania viatu mvua ikinyesha, na kwamba gugu linalomsumbua ni ndago. Kati ya bustani zote ambazo chumvi ingeweza kuharibu, yake ndiyo ingeumia kuliko zote. Basi niandike mara moja, niwe natuma kiungo badala ya kubishana.

Kinachowadanganya watu ni kile wanachokiona siku ya kwanza. Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki asilimia 5 hivi. Ikigusa jani juani inaharibu ngozi za seli, maji yanavuja, na kufikia jioni jani limekauka. Sabuni inaifanya siki itandae kwenye jani badala ya kuteleza. Mtu anapiga picha, anaisambaza. Picha ya wiki tatu baadaye haisambazwi. Mche mchanga uliotoka kwenye mbegu, wenye majani mawili, utakufa kweli, sina ubishi. Ndago umeipunguza majani tu.

Ndago, Cyperus rotundus, si nyasi, ingawa wengi huihesabu humo. Lizungushe shina lake kati ya vidole utazisikia pembe tatu. Chini kuna viazi vidogo vyeusi vilivyofungamana kwa nyuzi, vingi ndani ya sentimita 15 za juu, vichache chini zaidi. Chipukizi linalotangulia huvizuia vingine visichipue. Ukiling'oa mara moja ukaenda zako, umeviamsha vilivyokuwa vimelala, na ndiyo maana anayeng'oa ndago mara moja kwa msimu huishia na ndago nyingi kuliko za mwanzo. Kung'oa kunafaa kwa sharti moja: kiraka kiwe kidogo, na urudi kila zinapochomoza, kabla hazijafikisha majani matano au sita, kwa sababu karibu na hapo ndipo zinaanza kuunda viazi vipya. Wenye subira hiyo ni wachache. Mimi mwenyewe sina, isipokuwa pembezoni mwa njia.

Sasa chumvi, yaani sodiamu na kloridi.

Chembe za mfinyanzi ni bapa, ndogo kuliko milimita 0.002, na nyuso zake zina chaji hasi. Chaji hiyo hushikilia kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu. Kalsiamu ina chaji mbili, hukaa karibu na uso wa chembe na kuzifanya chembe zishikamane kuwa mabonge. Katikati ya mabonge ndimo hewa na maji hupita, na ndimo mizizi ya nyasi hupenya. Sodiamu ina chaji moja na hujizungushia maji mengi, kwa hiyo chembe zinasukumana, mabonge yanavunjika, na chembe zilizoachana zinakwenda kuziba vile vitundu vilivyokuwa vinapitisha maji. Udongo ukilowa unakuwa tope lisilonyonya, ukikauka unakuwa gamba. Waswahili tuna jina la udongo wa namna hiyo, udongo wa magadi, na hakuna anayeununua kwa hiari. Wewe unautengeneza nyumbani kwa kikombe.

Hapo hujibiwa, kila mara: "Mbona mimi nilimwaga chumvi mwaka jana na udongo haukufanya chochote?"

Haya, hapa nitakawia, kwa sababu jibu hili ndilo linalokosekana kila mahali. Maji yaliyo ndani ya udongo yakiwa bado na chumvi nyingi, chembe za mfinyanzi hubaki zimeshikamana hata kama sodiamu imejaa kwenye nyuso zake. Chumvi yenyewe ndiyo inayozibana. Udongo uliotoka kumwagiwa unaweza hata kuonekana umelegea kuliko jirani yake. Kisha mvua inakuja. Maji ya mvua karibu hayana chumvi kabisa. Yanaisukuma kloridi chini, pamoja na chumvi iliyozidi, lakini sodiamu iliyokwisha kushikwa na chembe inabaki pale pale. Kilichokuwa kinazibana chembe kimeondoka, kinachozisukuma kimebaki. Ndipo udongo unaporomoka. Madhara yanafika miezi kadhaa baada ya kosa, na yanafika pamoja na mvua, kwa hiyo lawama inakwenda kwa mvua, au kwa mashine ya kukatia, au kwa aliyeuza nyasi. Chumvi haitajwi.

Tuweke na namba. Kikombe cha chumvi laini ni takriban gramu 300, na karibu asilimia 40 ya uzito huo ni sodiamu, yaani gramu 120 hivi. Vitabu vingi huuita udongo wa magadi pale sodiamu inaposhika asilimia 15 ya nafasi zote za kushikilia madini. Australia, ambako wana udongo huo kwa wingi, huanza kuhesabu asilimia 6. Tofauti hiyo pekee ikuambie kwamba mpaka huo si ukuta. Kwenye udongo unaomwagiliwa maji yasiyo na chumvi, au unaopata mvua kubwa, mimi huona dalili chini kabisa ya asilimia 15, na sijali kitabu kinasema nini. Sodiamu yote ya kikombe haishikwi, hilo ni kweli. Ila mapishi haya hayasemi "mara moja." Yanasema rudia hadi magugu yaishe.

Na nani anafurahia udongo ulioziba? Mizizi ya nyasi inakosa hewa kwanza. Ndago inavumilia maji yaliyotuama bila taabu. Kwenye sehemu zilizoshindiliwa anaingia Eleusine indica, jamaa wa porini wa ulezi, lile gugu lililolala chini na katikati yake pameupe, ambalo ukilivuta unabaki na majani mkononi. Gugu hilo huota pale nyasi zinaposhindwa kupumua. Mara nyingi nikiliona sihitaji kuuliza kuhusu dawa. Nachomeka bisibisi ardhini nione inaishia wapi.

Lazima niseme pia chumvi ilipata wapi sifa zake, maana uvumi huu haukuzuka hewani. Kuna nyasi ya pwani, Paspalum vaginatum, inayostahimili chumvi ambayo ingeua nyasi nyingine nyingi, na watunzaji wa viwanja vya gofu wamewahi kutumia chumvi kukandamiza magugu ndani yake. Ni kweli, na ilifanya kazi kwa kiasi. Lakini viwanja vya namna hiyo kwa kawaida hukaa juu ya mchanga. Mchanga una nafasi chache mno za kushikilia sodiamu, na maji yanaisuuza yashuke. Ondoa ile nyasi, ondoa na mchanga, weka ukoka au nyasi ya majani mapana juu ya mfinyanzi, halafu useme unafuata mbinu ile ile. Hapana, ndugu yangu.

Wakishaachana na chumvi, wengi hukimbilia jasi. Jasi ni salfeti ya kalsiamu. Kalsiamu yake inachukua nafasi ya sodiamu, na sodiamu inaondoka na maji. Nzuri sana, kama tatizo ni sodiamu. Mfinyanzi mzito ambao hauna sodiamu nyingi hautalainika kwa jasi, hata umwage gunia zima. Wauzaji huandika "hulegeza udongo mgumu" na kunyamaza hapo. Kabla ya kununua, okota bonge kavu la udongo ukubwa wa harage, liweke taratibu kwenye gilasi yenye maji ya mvua, usitikise, liache hadi kesho. Likimomonyoka kuwa vipande huku maji yakibaki safi, huo ni udongo dhaifu unaohitaji mboji na mizizi, si jasi. Ukiona ukungu wa maziwa umetanda kulizunguka, chembe zinaachana, na jasi ina kazi. Ila kumbuka nilichosema juu: udongo uliomwagiwa chumvi karibuni unaweza kufaulu kipimo hiki kwa uongo, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani bado inazibana chembe. Huo upime maabara, au subiri mvua upime tena.

Mchanga juu ya mfinyanzi, kwa kuwa mtauliza: hapana. Ili ubadilishe tabia ya mfinyanzi mchanga unapaswa kuzidi nusu ya mchanganyiko wote. Pungufu ya hapo unatengeneza kitu kigumu zaidi.

Basi ndago inaondokaje? Kwanza ujue kwamba dawa za magugu ya majani mapana, 2,4-D na wenzake, haziiui. Glaifoseti inafika hadi kwenye baadhi ya viazi lakini inaua na nyasi pia, na ukichanganya na maji ya tope umepoteza kazi, kwani mfinyanzi unainasa kabla haijagusa jani. Pendimethalini huzuia mbegu kuota, viazi havijali. Kwenye nyasi ninayotaka ibaki natumia halosalfuroni, dawa inayoua ndago na kuiacha nyasi, baada ya kusoma lebo kuhakikisha aina ya nyasi imetajwa. Ndago iwe inakua kwa nguvu, haina kiu, haijakatwa siku mbili kabla, na isikatwe siku mbili baada. Weka kinatishi, kile kinachoifanya dawa ishike kwenye jani, lebo ikitaka. Kisha usifanye kitu. Dawa hii ni ya polepole; wiki ya kwanza hutaona chochote, na hapo ndipo watu hurudia kipimo maradufu na kuunguza nyasi zao. Njano huanza kuonekana baadaye, na kukauka huchukua wiki mbili hadi nne. Raundi ya pili ni lazima, kwa ajili ya viazi vilivyokuwa vimelala. Dawa za kundi hili hukaa muda mrefu zaidi kwenye udongo wenye pH ya juu, kwa hiyo kama udongo wako una chokaa nyingi usiwe na haraka ya kupanda maua pembeni.

Raundi mbili hazitamaliza. Sijawahi kuona kiwanja kikubwa cha ndago kikaisha msimu mmoja, na anayeahidi hivyo anauza kitu. Kinachoamua mwaka wa pili ni kivuli: ndago inachukia kivuli kuliko inavyochukia dawa. Nyasi nene iliyokatwa juu kadiri aina yake inavyoruhusu inainyima mwanga. Aina ya majani mapana iachwe sentimita 6 hadi 10. Ukoka unaweza kushuka hadi sentimita 2 au 4, lakini nikiwa napigana na ndago nauacha kwenye 4. Umwagiliaji kwenye mfinyanzi uwe kwa vipindi: mwaga hadi maji yaanze kukimbia, simama nusu saa, rudia. Kunyunyiza kidogo kila siku kunalowesha sentimita chache za juu, pale pale ndago ilipo.

Na wewe ambaye umeshamwaga. Kama ni kiraka cha ukubwa wa meza na ni jana tu, chukua sepeto, ondoa sentimita 10 za juu, upeleke udongo huo mahali ambapo hakuna kitakachopandwa, jaza mwingine. Ndiyo njia ya haraka, na ni rahisi kuliko inavyosikika. Kama ni eneo kubwa, usianze kwa kulisuuza na maji matupu, utaharakisha kile kile tulichotaka kuepuka. Tandaza jasi kwanza, kiasi kitokane na kipimo cha maabara, choma matundu kwa uma wa bustani ili iingie, kisha mwagilia sana, polepole, siku kadhaa. Gramu mbili na kidogo tu za jasi huyeyuka katika lita ya maji, kwa hiyo inahitaji maji mengi na miezi. Yote hayo yana maana kama maji yana pa kwenda. Chimba shimo la kina cha sentimita 40 pembeni, lijaze maji, uangalie kesho yake. Yakiwa bado yamo, sodiamu haina njia ya kutoka, na kazi ya kwanza itakuwa kuchimba mtaro.