Aliyekuwashia taa hajakupa barabara yote

"Jamaa si aliniwashia taa, mwalimu?" Juzi nimeambiwa hivyo tena, na mtu mwenye leseni ya siku nyingi aliyekuja kunoa udereva baada ya kugongana na bodaboda. Nimechoka kuisikia hoja hii, kwamba ukiwashiwa taa umeruhusiwa kukata kulia, ndiyo maana naandika.

Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukikata kulia unakatiza mbele ya wanaokuja. Anayekata ndiye anayepisha. Indiketa inatoa taarifa, haitoi haki. Hilo sitalirudia.

Sasa chukua barabara yenye njia mbili kila upande na sevisi rodi pembeni, yaani kile kibarabara kinachokwenda sambamba na barabara kuu. Umesimama katikati, indiketa inawaka, unataka kuingia mtaa wa kulia. Daladala inayokuja mbele yako njia ya ndani, ile ya karibu na katikati, inasimama, dereva anakuwashia fulu. Alichokupa ni njia yake peke yake. Njia ya nje si yake, na sevisi rodi si yake. Halafu hiyo Coaster yake ndiyo iliyokuziba usione kinachokuja. Na anayekuja njia ya nje hakuoni wewe. Anaona daladala imesimama, anadhani inashusha abiria, basi anapita. Unapigwa mlango wa abiria.

Piga hesabu. Bodaboda ikiwa kilometa 40 kwa saa inakula kama mita 11 kila sekunde. Wewe unayeanzia kusimama utahitaji sekunde 3 au zaidi kuvuka njia mbili. Ndani ya hizo 3 mwenzako amesogea mita 33. Kama huzioni mita 33 nyuma ya ile Coaster, huna ruhusa ya kwenda, hata ukiwashiwa taa na magari kumi. Sogeza pua taratibu hadi ukingo wa Coaster, simama, tazama, ndipo uvuke.

Ukishavuka hujamaliza, sevisi rodi inakusubiri. Foleni ikikaza watu wanatanua huko, na bajaji zinakuja kinyume, kwa hiyo tazama pande zote mbili. Hapa ndipo naletewa ubishi wa pili: "Mimi nimetoka barabara kuu, wao wanipishe." Kama upande wao kuna pembetatu iliyopinduliwa au alama ya kusimama, sawa, watakupisha. Kama hakuna, wewe unakata na yeye ananyoosha, mpishe. Ukubwa wa barabara uliyotoka haukufuati ukishaiacha.

Kuna jambo moja ambalo hata mimi halijanikalia sawa. Mara nyingi nafasi kati ya barabara kuu na sevisi rodi haitoshi gari. Gari ndogo ina urefu wa mita 4 na kitu. Ukisimama kumpisha wa sevisi rodi, mkia unabaki njia ya nje. Mafunzo yanasema usiingie makutano kama huna pa kutokea, yaani ungoje mpaka kote kuwe kweupe. Saa kumi na mbili jioni hapo kweupe hapapatikani, na kungoja muda mrefu kwenye njia ya ndani isiyo na sehemu maalumu ya kukatia ni kujiweka mbele ya anayekuja nyuma kwa kasi. Nafundisha kungoja, lakini sifundishi kwa moyo mweupe. Mwanafunzi mgeni namwambia apitilize hadi kwenye taa au mzunguko, ageuze, arudi aingie kwa kushoto. Atachelewa kidogo, na bado atazame kioo cha kushoto, maana sevisi rodi sasa iko upande huo na pikipiki inatokea nyuma.

Barabara ya Morogoro, Dar, ni habari nyingine. Njia za mwendokasi zimepita katikati, na mabasi yanazitumia tangu 2016. Ukikata kulia, basi linaweza kutokea nyuma yako, upande wa kulia, mahali ambapo dereva wa barabara za kawaida hajazoea kutazama. Pale subiri taa za makutano, usiitikie fulu ya mtu yeyote.

Na wewe unayewashia wenzako taa, najua una nia njema. Kabla hujamwita anayekata kulia, tazama kioo chako cha kushoto. Bodaboda inayokuja ubavuni mwako unaiona wewe, yeye haioni. Ikiwa inakuja, usimwite.